Pikipiki ya Kwanza Ipimwe Ikiwa Imesimama

Katika miezi hii ya kiangazi, wakati njia za vijijini zimekauka na wengi wamekwisha kuuza mazao yao, barua za kuuliza habari za pikipiki huongezeka mezani kwetu. Safari hii tumechagua nne, zote kutoka kwa watu walioanza kuendesha hivi karibuni au kutoka kwa wazazi wao, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu zaidi kwa kuwa ndani yake mna maswali ambayo wengine wengi wanayo bila kuyaandika.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninakusalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34. Ninaishi Nkuhungu hapa mjini Dodoma na ninafundisha katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Kila siku ninapanda gari hadi njia panda kwenye barabara ya Singida, kisha ninamalizia kilomita 9 za njia ya vumbi kwa bodaboda, na katika njia hiyo kuna korongo moja la mchanga. Nauli imenishinda, hivyo nimeamua kununua pikipiki yangu. Nilijifunza kwa wiki tatu kwa Boxer ya shemeji na leseni ninayo, ila bado ninaogopa. Shemeji anasema ninunue yenye injini ya cc 150 kwa sababu ndogo nitaichoka mapema. Fundi wa mtaani kwetu anasema kwa mchanga wa huko hakuna kama Yamaha DT. Kimo changu ni sentimita 156. Nichague ipi?

JIBU: Dada yangu Mwalimu, pole kwa safari hiyo ya kila siku. Shemeji yako na fundi wako wote wanaijua pikipiki, na hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja amekujibu kwa urefu wa miguu yake mwenyewe na kwa uzoefu wa mikono yake. Wamekueleza jinsi pikipiki itakavyokwenda ikishashika mwendo. Kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, jambo linalokutia hofu ni pikipiki inaposimama, inapogeuzwa na inapotembea taratibu kama mtu anayekwenda kwa miguu, na hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu hapo ndipo mwendeshaji mgeni huanguka mara nyingi.

Pikipiki ikishafika mwendo wa kilomita 20 kwa saa hujishikilia yenyewe kwa kiasi kikubwa, na hata mtu asiye na nguvu huiongoza kwa urahisi. Chini ya hapo inategemea mguu wako, mkono wako wa klachi na mahali ulipoelekeza macho. Pikipiki nyingi za kawaida zinazouzwa hapa nchini zina uzito wa kati ya kilo 100 na 130 hivi. Ikiwa wima, uzito huo hausikiki. Ikiinama kidogo, bado paja na mguu vinaumudu. Ikivuka kiasi fulani cha kuinama, hakuna awezaye kuirudisha, hata awe fundi wa miaka 20, na linalobaki ni kuiachia na kuuondoa mguu.

Mimi nililijua jambo hili mwaka wangu wa kwanza kazini, katika vijiji vya Mpwapwa. Nilipewa pikipiki ya ofisi, ya aina ya porini, ndefu, na kwa kuwa nilikuwa kijana sikutaka kusema kwamba vidole tu ndivyo vilivyogusa chini. Asubuhi moja nilisimama ukingoni mwa njia kupisha ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kwenye maji. Ukingo ule ulikuwa umeinamia upande wa kulia, na nilipoteremsha mguu wa kulia nikakuta udongo uko chini kuliko nilivyodhani, pengine kwa upana wa kiganja, na upana huo ulitosha. Pikipiki ilinilalia polepole, injini ikiwa bado inanguruma, bomba la moshi likiwa juu ya shavu la mguu wangu, na mtoto aliyekuwa akichunga ndiye aliyeniinulia usukani nikachomoka. Kovu lipo mpaka leo. Wakati ninaanguka sikuwa na mwendo wowote.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze kwa kuuliza cc. Vaa viatu utakavyovaa kazini, panda, itoe kwenye stendi, kisha kaa huku mikono ikiwa kwenye usukani. Mguu wa kushoto ukanyage chini wote, kisigino pamoja, pikipiki ikiwa imeinama kidogo tu upande huo, kwa kuwa huo ndio mguu wa kusimamia. Wa kulia hubaki kwenye breki ya nyuma, hasa unaposimama mahali penye mwinuko. Usitegemee kimo cha kiti kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji peke yake, maana kiti kipana hutanua mapaja na kuufanya mguu kuwa mfupi, wakati kiti chembamba cha kimo hicho hicho huufikisha chini. Ikipungua kidogo tu, sentimita mbili au tatu, fundi wa viti anaweza kupunguza sponji na kushona upya kwa gharama ndogo. Ikipungua zaidi ya hapo, iache.

Ukishashuka, isukume kwa mikono hatua kumi mbele na kumi nyuma, izungushe mahali finyu, kisha uipandishe kwenye stendi kubwa peke yako. Muuzaji akikuambia, «Mama, waache vijana wakusaidie,» mshukuru na ukatae, kwa sababu vijana hao hawatakuwapo korongoni. Jaribu pia kushika klachi na breki ya mbele: vidole vyako vivifikie bila kuachia mshiko wa usukani. Mikono midogo huchoka haraka kwa klachi ngumu, na mkono uliochoka huachia klachi ghafla, pikipiki ikaruka au ikazimika. Mara nyingi ugumu huo ni waya wa klachi tu unaohitaji oili au kurekebishwa, basi mwambie fundi wa duka airekebishe ukiwa hapo hapo umekaa juu yake.

Sasa nimjibu fundi wako. Yamaha DT na Honda XL zimetengenezewa porini kweli kweli. Gurudumu la mbele la DT ni la inchi 21, wakati la Boxer au TVS ya kawaida ni la inchi 17, na gurudumu kubwa hupanda jiwe na kukata mfuo wa mchanga bila kushtuka. Shokapu zake ni ndefu, na urefu huo ndio unaompa mwendeshaji raha kwenye mashimo, lakini ndio huo huo unaokipandisha kiti. Injini ya DT ni ya mipigo miwili, inayotaka oili yake maalumu iungue pamoja na petroli, na ukisahau kuijaza unaiua injini. Mtu wa kimo chako anaweza kuizoea, nimewaona wauguzi na mabwana shamba wafupi wakizitawala vizuri, lakini walianza kwa pikipiki nyingine. Katika mwaka wako wa kwanza kila kusimama kungekuwa mtihani, na unasimama mara nyingi zaidi mjini, penye watu na magari, kuliko korongoni.

Kuhusu 150 ya shemeji, nisiseme uongo, ni pikipiki tulivu. Boxer inayoitwa 150 ina cc 144.8, na nguvu zake hazitamrusha mtu anayefungua resi kwa adabu. Ni pikipiki ya kubeba: abiria, gunia, dumu za maji. Wewe unakwenda peke yako na mfuko wa madaftari, kwa hiyo utakuwa unasukuma uzito wa ziada usiokuwa na kazi. Na kuna jambo ambalo shemeji huenda hakulikumbuka. Itazame leseni yako: daraja A1 ni la pikipiki isiyozidi cc 125, na zinazozidi hapo zinataka daraja A. Ukinunua kubwa kuliko leseni yako, siku ya ajali bima itakuwa na sababu ya kukukwepa.

Mimi ningekuchagulia pikipiki ya barabarani ya cc 100 hadi 125, TVS, Boxer au Honda, yoyote kati yake ambayo mguu wako umeikubali, na ambayo spea zake zinapatikana pale njia panda unaposhukia, si mjini tu. Pikipiki za namna hiyo hutembea zaidi ya kilomita 40 kwa lita moja zikitunzwa, na tofauti ya nauli utaiona mwezi wa kwanza. Kama utaichoka baada ya miaka miwili, utakuwa umekwisha kuwa mwendeshaji, na pikipiki ndogo iliyotunzwa haikosi mnunuzi Dodoma.

Lile korongo halitakwisha kwa kubadilisha pikipiki, bali matairi na namna ya kupita. Duka hutoa pikipiki hizi zikiwa na matairi ya lami yenye michirizi myembamba. Mwombe muuzaji akubadilishie la nyuma, na ikiwezekana la mbele pia, upate yenye meno makubwa yaliyoachana. Ukikaribia mchanga ingia gia ya pili kabla hujaufikia, si ukiwa ndani yake. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti ili gurudumu la mbele liwe jepesi, legeza mikono, tazama ng'ambo unakotaka kutokea, na ushike resi moja bila kuipandisha wala kuiachia. Usukani utacheza kushoto na kulia. Uache ucheze, kwa kuwa anayepambana nao ndiye anayeanguka. Usiguse breki ya mbele ukiwa ndani ya mchanga. Na siku ukiona mchanga umekuwa mwingi kuliko jana, shuka uvuke ukitembea kando yake, injini ikiwa gia ya kwanza. Hakuna aibu katika hilo, na waendesha bodaboda wa huko wenyewe hufanya hivyo wakiwa na mzigo. Masika korongo hilo likishuka maji, usivuke hata yakiwa ya magotini, kwa sababu chini ya maji mchanga huhama na shimo la leo halikuwapo jana.

Ukiwa kwenye lami, hata hivyo, breki ya mbele ndiyo itakayokuokoa. Wengi wetu tulifundishwa kuiogopa, tukawa tunakanyaga ya nyuma peke yake. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kupata mshiko, la nyuma huwa jepesi na kuteleza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na mbuzi wa barabara ya Singida hawatoi taarifa. Tafuta uwanja mtupu siku ya Jumamosi, nenda kwa kilomita 30, kisha ubane ya mbele kwa vidole viwili, ukianza polepole na kuongeza, huku ukikanyaga ya nyuma kidogo. Rudia mara 20. Ukiweza kupata pikipiki yenye breki ya diski mbele, ongeza pesa uichukue, kwani inakujibu kwa usawa zaidi kuliko ya drami, hasa ikilowa.

Mwisho, tenga pesa ya kofia ngumu kabla hujalipia pikipiki, isiwe zawadi ya dukani inayocheza kichwani. Ivae, funga mkanda, kisha ushike ukingo wake wa nyuma na kujaribu kuivua kwa mbele. Ikitoka, si yako. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa mwendeshaji aliyepata ajali. Yale madaftari yafunge katikati ya keria, karibu na kiti kadiri inavyowezekana, maana mzigo uliowekwa nyuma kabisa hulinyanyua gurudumu la mbele na kukuharibia usukani mle mle kwenye mchanga.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Nina miaka 24, ninaishi Ihumwa na ninafanya kazi Mtumba. Nimeendesha pikipiki kwa miezi miwili. Rafiki yangu anauza pikipiki yake ya cc 250, zile za muundo wa mashindano, imetumika lakini inapendeza sana na bei yake inakaribia ya 150 mpya. Ninaipenda mno. Wazazi wananipinga. Naomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesema ukweli kwamba unaipenda, nami sitakuambia kwamba kupenda pikipiki ni kosa. Ninaipinga hiyo kwa sababu ya miezi yako miwili, wala si kwa sababu ya sura yake.

Pikipiki ya muundo huo inakulaza mbele, uzito wako ukiwa juu ya viganja, na usukani wake ni mfupi na haukati kona ya karibu. Barabarani kwa kasi mkao huo una faida. Pale unapoingia Ihumwa kwenye vichochoro vya mchanga na mashimo, unakuchosha na kukunyima macho ya kando. Resi yake ni nyepesi: robo ya mzunguko inayoiondoa 125 taratibu huirusha hiyo mbele kabla klachi haijakaa sawa. Breki yake ya diski ina nguvu, na mkono ambao haujazoea, ukiibana yote kwa hofu, hufunga gurudumu la mbele na kumlaza mtu kabla hajajua kilichotokea. Makosa haya yote utayafanya, kwa sababu kila mmoja wetu aliyafanya, na ninachokuombea ni kwamba uyafanye juu ya pikipiki inayosamehe.

Uifikirie pia barabara yako. Unapita barabara ya Morogoro, yenye mabasi na malori ya masafa marefu mchana na usiku. Kiangazi upepo wa Dodoma unavuma kwa nguvu, na ukija kutoka ubavuni plastiki pana za pikipiki hiyo huupokea kama tanga. Ukiwa kando ya lori umekingwa. Ukilipita tu, upepo unakupiga wote kwa mara moja na kukusogeza upande wa pili wa njia. Mwendeshaji mzoefu huungojea akiwa ameegemea kidogo. Mgeni hukaza mikono, na mikono iliyokazwa huupeleka usukani mahali pasipotakiwa.

Ushauri wangu ni ununue 125 au 150 ya kawaida, kulingana na daraja la leseni yako, uiendeshe kiangazi kizima na masika mazima, halafu urudi kuitazama hiyo ya ndoto yako, ukiwa na leseni ya daraja A mkononi. Na siku utakapokwenda kununua pikipiki iliyotumika, hiyo au nyingine, nenda asubuhi bila kupiga simu ya kusema umekaribia. Gusa injini kabla ya jambo lolote. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha mapema kwa sababu haiwaki vizuri ikiwa baridi, na hilo alitaka usilijue. Ikiwaka, tazama moshi: wa bluu maana yake inakula oili, na gharama ya kufungua injini itakuwa juu yako. Pitisha kidole kwenye miguu ya shokapu za mbele; kikitoka na oili, sili zimekufa. Kaa nyuma ya gurudumu la nyuma uvute cheni kutoka kwenye sproketi kubwa, na kama inaachana na meno ukaona mwanga, au kama meno yamepinda kama ndoana, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja. Tazama chini ya tangi na kwenye shingo ya usukani kama rangi imepasuka au pamechomelewa, maana hiyo ni historia ya ajali. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi ya usajili, herufi kwa herufi, na uangalie kwa namba ya usajili kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Rafiki akikasirika kwa sababu umekagua, usinunue kwake.

Na wazazi wako waonyeshe jibu hili. Huenda wanakupinga kwa sababu hawakupata mtu wa kuwaeleza kwamba kuna njia ya katikati.

SWALI: Mimi ni mzazi, mkazi wa Kibaigwa. Kijana wangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na ametafutiwa pikipiki ya mkataba aanze bodaboda sokoni hapa. Amejifunza mwezi mmoja. Tumchagulie pikipiki gani?

JIBU: Ndugu mzazi, kwa kazi hiyo uchaguzi wa pikipiki ni mwepesi: Boxer au TVS ya cc 125 hadi 150, kwa kuwa kila fundi wa Kibaigwa anaifahamu na spea zake hazitamlaza kijana siku tatu bila kazi. Jambo gumu ni mwezi wake mmoja.

Abiria mmoja wa kilo 70 hubadilisha pikipiki yote. Huongeza zaidi ya nusu ya uzito wa pikipiki yenyewe, hukaa juu na nyuma, hujipinda kuangalia simu wakati wa kona, na breki inayosimamisha pikipiki mita 15 ikiwa tupu itahitaji zaidi ya hapo. Mtu aliyejifunza mwezi mmoja peke yake hajui bado kuendesha watu wawili. Kwa hiyo zungumza na mwenye pikipiki kabla hamjatia saini. Mkataba wa kupeleka hesabu, yaani fedha za mwenye pikipiki, kila siku tangu siku ya kwanza unamlazimisha kijana kukimbia, kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na kuendesha usiku akiwa na usingizi, ili asilale na deni. Omba mwezi wa kwanza hesabu ipunguzwe, na katika mwezi huo abebe mizigo myepesi na abiria mmoja mmoja wa njia fupi za mchana. Mwenye pikipiki mwenye akili atakubali, maana chombo ni chake na kikigongwa hasara ni yake pia. Asiyekubali, mtafuteni mwingine, hata mkisubiri hadi mavuno yajayo.

Katika makubaliano yaandikwe nani analipa matairi, nani analipa bima, kadi itahamishwa lini kuwa jina la kijana, na nini kitatokea akiugua. Kabla hajaanza, awe na leseni ya udereva ya daraja linalolingana na pikipiki, na leseni ya usafirishaji ya chombo chenyewe. Kofia ngumu ziwe mbili, ya abiria pia iwe na mkanda unaofunga.

SWALI: Nipo Kondoa. Nimenunua pikipiki ambayo gia zake zinakanyagwa zote kwenda mbele, tofauti na niliyojifunzia. Mara mbili gurudumu la nyuma limefunga nikiwa katika mwendo. Je, ni mbovu?

JIBU: Huenda si mbovu. Niliyoizoea mimi, na pengine uliyojifunzia, gia ya kwanza iko chini, nyutro (pasipo na gia) juu yake, kisha ya pili na kuendelea zinapanda. Hiyo yako inaanza nyutro na zote zinakanyagwa mbele, na katika baadhi ya pikipiki za namna hiyo mzunguko haukatiki: ukiwa gia ya nne ukakanyaga tena unarudi nyutro, na ukikanyaga mara nyingine unaingia ya kwanza ukiwa bado kwenye kasi ya ya nne. Injini haiwezi kuzunguka haraka kiasi hicho, kwa hiyo hulishika gurudumu la nyuma, nalo huteleza. Katika miteremko yenu ya Kondoa, yenye kokoto, hilo ni jambo la kuvunja mfupa.

Muulize fundi kama mzunguko wako unakatika au haukatiki. Kisha uipandishe kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, ukae juu yake jioni ukizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na kuhesabu gia kwa sauti, mbele hadi ya nne, nyuma hadi nyutro, mpaka mguu wako ujue bila wewe kufikiri. Fanya hivyo jioni tatu au nne mfululizo kabla ya kurudi barabarani. Unaposhuka mlima, rudisha gia moja tu, achia klachi polepole, sikiliza injini itulie, ndipo urudishe nyingine. Klachi isiwe imebanwa muda wote wa kushuka, maana hapo unaziachia breki kazi yote, na breki za drami zikipata moto kwenye mteremko mrefu hupungua nguvu.